Fainali ya Mpira Usioonekana

Mtasema kijana wa miaka kumi na saba hana enzi. Eti enzi ni za watu wenye mvi na goti la kutabiri mvua. Mimi ninazo zangu, na kama tulizaliwa pamoja, nawe unazo, hata kama bado unavaa sare na kunyoosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda choo. Enzi zetu kompyuta ilikuwa moja nyumbani, ikiwa ipo, na ilifunikwa kitambaa cha kushona kama bibi harusi. Enzi zetu ukibonyeza kitufe cha kupiga mpira, mchezaji alienda kwanza kushauriana na ukoo wake, akarudi, akafikiria tena, ndipo akapiga.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya binamu yangu Jayden, mtoto wa Grade Four. Wiki jana aliitupa tableti yake kwenye kochi akilia kwamba gemu inakwamakwama. Nikaenda kuangalia. Haikuwa imekwama. Ilikuwa imesita kidogo tu, vile mtu anavyomeza mate katikati ya hadithi. Nilitaka kumkalisha chini nimweleze kukwama ni nini, lakini alikuwa ameshaenda kumshtaki wifi, ile ya intaneti, kwa mamake. Kwa hivyo nawaeleza nyinyi, mliokwama pamoja nami.

Tulikuwa tunaishi Kinoo, ghorofa ya tatu. Dirisha la jikoni lilitazama Waiyaki Way na la sebuleni lilitazama ukuta wa ghorofa jirani, karibu kiasi kwamba ungeweza kupokea chumvi bila kutoka nyumbani. Baba alikuwa karani katika ofisi moja huko tao, katikati ya Nairobi. Siku ofisi iliponunua mashine mpya, zile za zamani ziligawiwa wafanyakazi, naye akaja na yake imefungwa kwa shuka la kitanda, akaipandisha ngazi zote bila kuomba msaada. Skrini ilikuwa na mstari mmoja wa zambarau upande wa kulia, kutoka juu mpaka chini, ambao haukuwahi kutoka. Tuliuzoea mpaka tukauhesabu kama mlingoti wa kona.

Baba alitusimamisha mbele yake, mimi na kaka yangu Brayo, akatoa hotuba. "Hii mashine imekuja hapa kusoma, si kucheza. Na ni yenu wote wawili. Nisisikie kelele." Ilikuwa hotuba nzuri. Ilidumu siku tatu. Siku ya nne Brayo alirudi shuleni na flash iliyokuwa na gemu ya kandanda, zile za kuunda timu yako mwenyewe na kuipandisha msimu baada ya msimu.

Gemu yenyewe ilikuwa na masharti yake. Ilitaka kumbukumbu kiasi hiki na kadi ya picha kiasi kile. Mashine yetu ilikuwa na nusu ya sharti la kwanza, na hilo la pili haikuwahi kulisikia likitajwa. Kwenye mashine ya watu, picha hupita sitini kwa sekunde na wewe unaona mtu anakimbia. Kwetu zilipita labda nane, zimeshikana mikono kama watoto wa nasari wakivuka barabara. Mchezaji alikuwa hapa, halafu akawa pale, na katikati ulijaziliza mwenyewe kwa imani.

Tulishusha kila kitu kinachoshuka. Vivuli tukazima. Nyasi zikawa zulia. Tulipunguza ukubwa wa picha mpaka nyuso za wachezaji zikafanana na viazi vilivyomenywa, na refa ukamtambua kwa tabia tu. Kisha tukaanza kanuni za kuipooza. CPU ilivuliwa kifuniko ikabaki mbavu wazi, na feni ya Mama ikaelekezwa huko huku Mama mwenyewe akitokwa jasho jikoni. Kila Jumamosi tuliipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli ya mlinzi wa geti. Na hakuna mtu aliyeruhusiwa kutembea nyuma ya kiti mpira ukiwa karibu na goli, kwani tuliamini sakafu ikitikisika gemu inakwama. Mama alisimamishwa mlangoni na karai la nguo mpaka kona ipigwe. Alisimama, Mungu ambariki, akidhani tuko katika mtihani.

Sasa kulikuwa na hili neno la "wote wawili". Kibodi ni moja, na Brayo alikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi. Mnajua haki inavyogawanywa katika hali kama hiyo. Lakini Brayo alimwogopa Baba kidogo, kwa hivyo tuligawana mchezaji. Yeye alishika mishale ya kukimbilia, mimi nikashika vitufe vya kupiga na kutoa pasi. Yeye miguu, mimi kiatu. Na kiatu hakikuruhusiwa kufikiri. Nilisubiri aseme "haya", ndipo nibonyeze. Nikibonyeza kabla ya "haya" napigwa konzi. Nikichelewa, konzi. Kwa kuwa mashine nayo ilichelewa nusu sekunde, Brayo alijifunza kusema "haya" mapema, kabla mtu hajafika kwenye mpira. Tulikuwa tunacheza mbele ya wakati, kama manabii. Tangu siku hizo, hata nikimpigia mtu mpira wa kawaida uwanjani nanyanyua mguu mapema, na watu wanacheka, lakini hiyo ni hasara ya elimu.

Timu yetu iliitwa Githeri Rovers. Kipa alikuwa mwalimu wetu wa hesabu, maana hakuna kitu kilichowahi kumpita. Beki walikuwa majirani wa plot nzima. Mshambuliaji tulimchonga kwa sura ya Baba, na upara wake, na masharubu, na kasi ambayo tulimwongezea kwa heshima tu. Mechi ya dakika kumi kwetu ilichukua nusu saa na zaidi. Tulianza ule msimu likizo ya Aprili. Tukacheza wikendi, tukacheza Mama akiwa kanisani kwa mkutano wa akina mama, tukacheza na homa. Kufikia Desemba tulikuwa tumemaliza ligi tukiwa wa pili, na tukawa tumeingia fainali ya kombe. Mechi moja tu ilibaki.

Halafu barua ya Form One ikafika. Brayo alikuwa ameitwa shule ya bweni huko Nyandarua, kule ambako watu wanasema baridi ikikuamkia unaijibu kwa meno. Angeripoti Jumatatu ya katikati ya Januari. Baba alifurahi, Mama akafurahi na kulia.  Brayo alikuja chumbani, akakaa kwenye kitanda chake cha juu, akaning'iniza miguu mbele ya uso wangu, akasema, "Lazima tumalize fainali kabla niende. Nikienda na hiyo kitu haijaisha sitatulia." Mimi nilidhani anazungumzia mpira.

Shida ni kwamba fainali haikuchezeka. Gemu ilikuwa imeiweka katika uwanja mkubwa kuliko yote, kwa taa na mvua, na mashabiki elfu sitini, kila mmoja na skafu yake. Timu zilitoka mlangoni zimepanga mstari, Baba wetu wa kwenye gemu akiwa mbele, anainua guu la kushoto, na hapo hapo kila kitu kinaganda. Mashine ilitoa sauti ya mtu aliyekumbuka ameacha jiko likiwaka, kisha kimya. Tulijaribu mara tano. Tulijaribu asubuhi kukiwa na baridi. Tulijaribu na barafu kwenye karatasi ya nailoni juu ya CPU, na ningependa hilo libaki kati yetu. Mara zote tano guu la Baba lilibaki hewani.

Jumamosi kabla ya Brayo kuripoti, Baba alitupeleka tao kununua sare. Duka la sare lilikuwa limejaa wazazi, na wakati Baba amebanwa kwenye foleni ya sweta, sisi tukachomoka. Chini ya ngazi za jengo moja upande wa River Road kulikuwa na fundi wa kompyuta aliyeitwa Mzee Athmani, mtu wa Lamu, mwenye kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono na miwani miwili, mmoja machoni, mwingine juu ya paji kama akiba. Mchana alitengeneza mashine, jioni alisomesha watoto Kurani chuoni. Sifa zake zilikuwa zimefika mpaka Kinoo.

Brayo akaingia na "niaje mzee". Mzee Athmani hakuinua kichwa. Brayo akasema "mambo". Kimya. Mimi nikakumbuka somo la adabu, nikasema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu, karibu," akasema, akaniangalia kwa furaha. "Na huyu rafikiyo bubu, ni nani?"

Brayo alisalimu upya. Tukamweleza mashine yetu, umri wake, na guu la Baba lililobaki hewani. Brayo alitaka kujua kama kuna kadi ya picha inayoweza kuingia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaweka chini kifaa chake cha kulehemu.

"Nyinyi muna punda," akasema. "Punda mzuri, mvumilivu, simtukani. Lakini mwataka abebe harusi nzima, na ngoma, na wapishi na masufuria yao. Kadi haiingii humo, hata pa kuichomeka hapana. Mteremsheni mizigo."

Akatuchorea kwenye kipande cha boksi. Kila kinachoonekana kwenye gemu, alisema, kina faili lake ndani ya folda: watu, mvua, nyasi. Gemu la zamani kama hilo likikosa picha huiruka tu, likaendelea na safari. Tuliondoe tusilolihitaji. Kisha akaninyooshea kidole mimi, maana nilikuwa nimeonyesha dalili za malezi. "Lakini nakala kwanza. Wanisikia? Weka nakala pembeni, kisha ndipo ufute."

Nilimsikia. Masikio yangu yalikuwa mazima.

Jumapili baada ya kanisa nyumba ilijaa shangazi waliokuja kumwombea Brayo. Walimzunguka sebuleni, mikono kichwani pake, na kichwa chenyewe kilikuwa kimenyolewa upara tayari kwa shule, kikang'aa kama yai. Kompyuta ilikuwa imehamishiwa chumbani kwetu kupisha wageni. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kumfanyia kaka yangu zawadi. Nikaingia, nikafungua folda, nikaanza na mashabiki. Elfu sitini, kwa kitufe kimoja. Hakuna hata mmoja aliyelalamika. Nikafuta mvua. Nikafuta bendera, mabango ya matangazo, nyavu za goli, wapiga picha, madaktari wa timu. Nyasi nikazifuta hadi mizizi. Kuhusu nakala, nilifikiri hivi: kazi yangu ni kupunguza mizigo, na nakala ni mzigo wa pili wa kitu kile kile. Mpaka leo naona hoja ilikuwa na nguvu. Mwishoni nikaona faili moja zito ajabu, halina jina, ni namba tupu. Nikasema, wewe unaringa nini? Nikalifuta. Halafu nikamwaga hadi kikapu cha takataka, ili usafi ukamilike. Kule sebuleni shangazi wakasema amina.

Jumatatu asubuhi sanduku la bati lilikuwa mlangoni, limeandikwa jina la Brayo kwa rangi nyeupe, na godoro limeviringwa na kufungwa kamba. Baba alikuwa amechukua ruhusa kazini, nami shuleni. Jirani mmoja mwenye gari angetupitia saa tano. Saa tatu na nusu mimi nikamvuta Brayo chumbani, nikawasha feni, nikawasha mashine, nikamwambia akae akione alichofanyiwa.

Uwanja ukafunguka. Timu zikatoka. Baba akainua guu la kushoto, akaliweka chini, akainua la kulia. Hakuna kilichoganda. Brayo aligeuka akaniangalia kama mtu aliyeona mbuzi akiendesha baiskeli. Kulikuwa na sakafu ya kijani, anga jeusi, viti vitupu, milingoti miwili ya goli bila wavu, na watu ishirini na wawili wanaotiririka kama mafuta. Hatukuwahi kuona watu wakitembea vizuri hivyo kwenye mashine ile. Refa akapuliza. Watu wakaanza kukimbia.

"Kim," akasema Brayo baada ya muda. "Mpira uko wapi?"

Tukautafuta. Mchezaji mmoja alikunja mguu akaupiga hewa, mwingine mbali akaituliza hewa kifuani. Ndipo nikalikumbuka lile faili lenye kuringa. Nilijikinga kichwa nikisubiri konzi, lakini Brayo hakuwa na muda wa konzi. Saa ilikuwa inakwenda na mishale ilikuwa mikononi. "Angalia vichwa," akaniambia. "Wote wanaangalia mahali mpira uko." Na ilikuwa kweli. Vichwa ishirini na viwili vya viazi vilikuwa vinageuka pamoja, na yule mtangazaji Mzungu wa ndani ya gemu aliendelea kutangaza bila wasiwasi, kwani yeye hakufutwa. Tukacheza hivyo, kwa vichwa na kwa tetesi.

Kabla ya mapumziko Baba akaingia kutuita tukanywe chai. Akasimama nyuma yetu. Akatazama kwa muda mrefu, mikono mfukoni.

"Hao watu wanafukuza nini?"

"Mpira, Baba," Brayo akajibu bila kugeuka.

"Uko wapi?"

"Upo."

Baba akainama karibu na skrini. Nadhani hapo ndipo alipokiona kipara kikipita upande wa kushoto kwa kasi ambayo hajawahi kuwa nayo.  Alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake. Chai ikapoa. Wenzetu wakafunga dakika ya sitini, tukajua kwa sababu walikumbatiana. Sisi tukafunga dakika ya themanini na kitu. Brayo alisema "haya", nikabonyeza, na yule Baba wa kwenye gemu akakimbilia kona akiwa amefungua mikono. Baba wa kwenye ndoo akakohoa kidogo, vile anavyokohoa kanisani wakisifu michango yake.

Tukaenda penalti. Wao wakapiga tano, sisi nne, na hesabu ilikuwa sawa. Iliyobaki ilikuwa yetu. Ikiingia, kombe ni letu. Nje honi ya jirani ikalia, na Mama akaanza kuita kutoka sebuleni kwamba gari limefika na watoto wa watu wameshafika shuleni.

Brayo akaondoa mikono kwenye mishale. "Shika yote. Piga wewe."

Nikamwambia mimi ni kiatu tu, mishale siijui.

"Mikono yangu inatetemeka, Kim. Piga."

Hapo ndipo nilipoiangalia mikono yake. Na kile kichwa chake kilichonyolewa, na lile sweta jipya lililomzidi. Nikaelewa kwamba haikuwa kwa sababu ya penalti.

Nikashika yote. Nikaelekeza kulia, nikabonyeza, mapema, kama alivyonifundisha. Baba wa kwenye gemu akapiga hatua tatu, akavuta mguu, kipa akaruka kushoto, mguu ukashuka, na mashine ikaganda. Mtangazaji akabaki ameshika herufi moja, akiivuta kama nzi kwenye chupa, halafu naye akanyamaza. Mguu ulikuwa umeshapiga. Kipa alikuwa hewani. Mpira haukuonekana, na hata ungekuwepo, wavu haukuwepo wa kutikisika.

Tulisubiri. Baba alisubiri. Honi ikalia tena, na Mama akaingia na kanga kiunoni, akatuona watu watatu tumeikodolea macho picha isiyosonga, akasema maneno ambayo siyarudii. Brayo akasimama. Akagusa skrini kwa kidole, pale kwenye goli.

"Ikiamka uniambie," akasema. Akabeba godoro, wakaenda na Baba.

Nilikaa pale mchana mzima. Nilikula chakula pale. Niligeuza feni, nikabembeleza, nikaomba kwa maneno niliyowasikia shangazi wakiyatumia. Jioni Baba akarudi kutoka Nyandarua, koti lake limejaa vumbi jekundu la barabara ya murram. Hakuuliza nimesoma nini leo. Aliuliza, "Bado?" Nikasema bado. Akakaa kwenye ndoo. Tulikuwa tungali tumekaa hapo Mama alipoingia na pasi mkononi na sare yangu begani, akasema hiyo picha imekaa hapo tangu asubuhi na stima si ya kuonyesha watu waliosimama, akachomoa waya, akachomeka pasi. Tulipoiwasha tena, kule kukatwa ghafla kulikuwa kumeharibu faili la msimu. Githeri Rovers hawakuwepo tena. Aprili mpaka Januari, yote ilikuwa imefutika, na hiyo sikuifuta mimi.

Siku ya kutembelea ilikuwa wiki tano baadaye. Tulipanda Nyandarua na chapati, kuku, na flaski mbili za chai. Brayo alikuja akitembea kutoka upande wa mabweni, amekonda, masikio yamekuwa makubwa. Mama alimuuliza maswali yote ya akina mama, naye akajibu "niko poa" kwa kila moja, mpaka lile la kama analala vizuri. Hapo akavuta sahani ya kuku. Alikuwa akila bila kuinua macho. Nyuma yake, hatua chache, wavulana watatu wa Form One walikuwa wamesimama kwenye ua, wanatuangalia, na si kwa sababu ya kuku.

Akaniegemea. "Iliamka?"

Aliniambia alikuwa amewasimulia bweni lake zima. Usiku wa kwanza, watu wakilia chini ya blanketi, yeye aliwapa fainali ya mpira usioonekana, na wakaitaka tena kesho yake. Kila mtu alikuwa na maoni yake kuhusu ile penalti. Alikuwa amewaahidi kwamba ndugu yake atakuja na jibu siku ya kutembelewa.

Nikatazama chapati. Nilijua mlango mmoja tu wa ukweli na ulikuwa umezibwa na pasi ya Mama.

"Iliingia," nikasema.

Baba alikuwa anamimina chai. Baba, ambaye aliwahi kurudi sokoni Kangemi kwa miguu kwa sababu muuza nyanya alimzidishia nyanya mbili. Baba, ambaye alikuwa ameketi kwenye ndoo waya ukichomolewa. Akamaliza kumimina, akafunga flaski vizuri, akampa Brayo kikombe.

"Kona ya juu," akasema.

Brayo alicheka. Kicheko kile hakikuwa na "niko poa" ndani yake. Akageuka akawainulia kidole gumba wale watatu kwenye ua, na wakarukiana migongoni, watoto wa watu nisiowajua, wakishangilia goli la Kinoo. Kisha Brayo alikula chapati sita na kuanza kulalamika kuhusu maharagwe, na Mama akajua mtoto wake amerudi.

Sasa Brayo yuko chuo, na likizo ya Agosti alikuja nyumbani na laptopu ambayo gemu hufunguka kabla hujakaa vizuri. Hakuna feni ya Mama, hakuna pampu. Kila mtu ana kidhibiti chake, miguu yake na kiatu chake, na tunacheza mmoja dhidi ya mwingine. Unaona kila jani la nyasi. Unaona jasho. Unaona shabiki wa safu ya arubaini akila njugu. Jayden alikaa nasi akasema picha ni sawa lakini kivuli cha refa kina kasoro.

Brayo alikuwa anachagua timu, macho kwenye skrini, aliponiuliza polepole, kama mtu anayeuliza saa. "Ile ya fainali. Ilikuwa kona ya upande gani?"

"Kulia," nikasema. "Muulize Baba."

"Nilimuuliza. Aliniambia kushoto."

Nikajifanya nachagua jezi.  Halafu akabonyeza mechi ianze, na hajawahi kuuliza tena.

Tulifika penalti siku hiyo pia, na yangu ya mwisho nikaipiga nje. Mashine haikuganda hata kidogo. Ilinionyesha nilivyokosa, kwanza kutoka mbele, kisha nyuma ya goli, kisha kutoka juu, ikaipunguza kasi makusudi ili nione vizuri, mpira ukizunguka na mshono wake ukihesabika, ukipita nje ya mlingoti kwa upana wa mkono. Jayden akasema grafiksi ni moto. Ni kweli, ni moto. Mimi na Brayo tuliitazama mpaka ikaisha, kila pembe, na hakukuwa na pahali popote pa kusema iliingia.